Kutoka ngomeni hadi kanisa la mlimani: safari ya Conwy na Mjomba

Mjomba wangu ni fundi wa chokaa. Amekarabati nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, tangu ujana wake, na ukimpeleka mbele ya ukuta wa zamani haishii kuutazama, lazima aupapase. Alipokuja Liverpool kunitembelea Oktoba hii, nilimuuliza anataka twende wapi. Hakutaka maduka wala uwanja wa mpira. "Nipeleke nikaone wenzetu wanatunzaje majumba yao ya kale," akasema. Nikachagua Conwy, kaunti ya kaskazini mwa Welisi. Si mbali, treni inafika, na majengo ya gredi ya kwanza yamejaa bondeni kuanzia pwani hadi milimani.

Kwa asiyejua utaratibu wao: Welisi ina majengo takriban 30,000 yaliyoorodheshwa kisheria, nayo yamepangwa katika gredi tatu. Gredi ya kwanza ni ya majengo yenye thamani ya kipekee, aghalabu kwa taifa zima, na hayafiki asilimia 2 ya orodha yote. Wanaoorodhesha ni Cadw, idara ya serikali ya Welisi inayoshughulikia mambo ya kale. Jengo likishaingia, huwezi kubomoa ukuta, kubadilisha dirisha wala kung'oa ngazi ya ndani bila kibali, na anayefanya hivyo ametenda kosa la jinai. Utaratibu huu ulianza baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Haya yote nilimweleza Mjomba tukiwa Chester, tunangoja treni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na kabla ya hiyo sheria, nani alikuwa akiyashika yasianguke?" Tulitembea na swali hilo kaunti nzima.

Jumatatu: Ngome ya Conwy

Ukija kwa treni, ngome haikupi nafasi ya kujiandaa. Unaingia ndani ya bomba la chuma, giza na mngurumo, halafu mwanga unarudi na ukuta wa mawe unapita karibu kabisa na dirisha. Kituoni hapo treni haisimami mpaka abiria amwambie kondakta, kwa hiyo anayekwenda asisahau.

Edward I wa Uingereza alianza kuijenga mwaka 1283, alipokuwa anaimaliza dola ya wakuu wa Gwynedd, watawala wa Kiwelisi wa kaskazini, na sehemu kubwa ya kazi ilikwisha ndani ya miaka minne. Aliyesimamia ujenzi ni fundi mkuu kutoka Savoy, anayejulikana kama Master James of St George. Ngome pamoja na kuta za mji ziligharimu kiasi cha pauni 15,000, fedha nyingi mno kwa zama zile. Mahali penyewe palikuwa na abasia ya watawa wa Sistersiani, na ndani yake alikuwa amezikwa Llywelyn Mkuu, mtawala wa Gwynedd aliyefariki 1240. Edward aliwahamisha watawa hadi Maenan, ndani zaidi ya bonde, na jeneza la Llywelyn likaenda nao. Kisha akajenga mji kwa ajili ya walowezi wa Kiingereza. Wawelisi wenyewe hawakutakiwa kuishi ndani ya zile kuta. Nalisema hili mapema kwa sababu uzuri wa Conwy unalevya, na mtu anaweza kutembea kutwa nzima bila kukumbuka kwamba jengo hili lilijengwa kuwatawala watu wa hapa.

Na ni zuri, hilo halina ubishi. Minara minane mizito imepangwa juu ya mwamba, minne kila upande, na ndani ngome imegawanywa nyua mbili ili adui akiteka uwanja wa nje asiupate wa ndani. Mjomba hakushughulika sana na minara. Alitaka kujua rangi. Leo kuta ni za kijivu, lakini zilipojengwa zilipigwa chokaa nyeupe, ngome nzima ikang'aa juu ya maji. Mabaki ya chokaa hiyo bado yapo sehemu sehemu. Alipoyaona alisimama hapo muda mrefu.

"Watu hudhani chokaa ni urembo," akaniambia. "Mwanangu, chokaa ni nguo ya ukuta. Upepo wa bahari una chumvi, na mvua inapigwa na upepo. Bila nguo, jiwe linaliwa."

Nikamwonyesha juu, kwenye mashimo ya boriti. Hakuna hata paa moja la asili lililobaki. Mwaka 1665 mwenye ngome, wa ukoo wa Conway, alivua madini ya risasi kutoka mapaani pamoja na vyuma, akauza. Paa likishavuliwa, mvua inafanya kazi iliyobaki. Mjomba alitikisa kichwa. Anaijua habari hiyo: Unguja nyumba haianzi kufa kwa nyufa za ukutani, huanza kwa dari inayovuja ambayo mwenyewe anasema ataitengeneza baada ya masika.

Kisa alichokipenda ni cha mwaka 1401. Wakati wa uasi wa Wawelisi ulioongozwa na Owain Glyndŵr, ndugu wawili, Rhys na Gwilym ap Tudur, waliiteka ngome hii Ijumaa Kuu, askari wengi wakiwa kanisani. Waliingiaje? Watu wao walijifanya maseremala waliokuja kazini. Mitego ya milangoni, minara minane, vyote havikuwa na maana mbele ya mtu aliyeshika randa.

Jioni tulipanda kuta za mji. Zina urefu wa kilomita 1.3, minara 21 na malango matatu ya asili, na sehemu kubwa yake unaweza kutembea juu ukiangalia mapaa ya nyumba za watu na nguo walizoanika. Upande wa kusini kuna vyoo 12 vya zama zile vimejengwa kwa safu, vimetokeza nje ya ukuta. Mvua ikatukimbiza.

Jumanne: Plas Mawr

Kama una siku moja tu Conwy, nakushauri uipe Plas Mawr zaidi ya ngome. Ngome unaistaajabia. Nyumba hii unaielewa.

Aliijenga Robert Wynn, mtoto wa tatu wa ukoo wa Wynn wa Gwydir, kati ya 1576 na 1585. Kama mtoto wa tatu hakuwa na matumaini ya kurithi jumba la ukoo, kwa hiyo alikwenda kutafuta maisha katika utumishi wa wakubwa, akasafiri Ulaya, akarudi na fedha na hamu ya kuonekana. Nyumba ipo kwenye mteremko, katikati ya mtaa mwembamba, nayo imepakwa chokaa nyeupe nje. Ukiingia geti la High Street unapanda ngazi, unavuka kiuga, ndipo unakuta mlango wa nyumba yenyewe. Mgeni alikuwa akipandishwa hatua kwa hatua mpaka amtambue mwenyeji kuwa mtu mzito. Nyumba za mabwana wa Mji Mkongwe zina hesabu kama hiyo: baraza, daka, sebule, kisha ndani asikofika kila mtu.

Ndani, kitu cha kuangalia ni lipu. Dari na kuta za juu ya meko zimejaa mapambo yaliyofinyangwa: ngao za koo, wanyama, maua, sura za watu, na herufi R.W. zimerudiwa kila chumba ili usisahau uko kwa nani. Katika baadhi ya vyumba mapambo hayo yamepakwa tena rangi zake za zamani, nyekundu, kijani, njano, na mara ya kwanza yanaumiza macho. Tumezoea kudhani vitu vya kale vilikuwa vya rangi iliyofifia. Robert Wynn hakutaka kufifia.

Mjomba alilala chali. Sisemi kwa mfano. Chumba cha juu kilikuwa kitupu isipokuwa sisi na mama mmoja mhudumu, naye alipoona mzee anatafuta pembe nzuri ya kuangalia dari, akamwambia asione haya, wanafunzi wa usanifu hufanya hivyo daima. Basi akalala pale sakafuni, koti chini ya kichwa, akanisomea dari ile. Mstari huu wa ukingo umevutwa kwa kibao kilichokatwa umbo lake, lipu ikiwa mbichi. Ua hili na lile ni ndugu, yametoka kalibu moja, kisha yakabandikwa. Lakini yule mnyama pale pembeni amemaliziwa kwa mkono, tazama mguu wake haulingani na wa mwenzake. Yule mhudumu akatueleza kwamba lipu za zama hizo hapa zilichanganywa chokaa, mchanga na nywele za wanyama ili zishikane. Nilipomfasiria, Mjomba akainuka ameketi. Kwao kokoto ndogo na vipande vya matumbawe ndivyo vinavyoshika kazi, fundi anatomea mpaka ukuta ukae. Alitaka kujua nywele zinakatwa urefu gani. Mhudumu hakujua, lakini aliandika swali lile kwenye kijitabu chake.

Sasa, nani aliyeishika nyumba hii? Jibu la kwanza ni ugomvi wa mirathi. Robert Wynn alifariki 1598 akiwa ameacha watoto wadogo na wosia wenye masharti mengi, na kesi ikaendelea hadi 1630. Muda wote huo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuibomoa na kujenga ya kisasa. Baadaye nyumba ikaangukia kwa wenye mali ambao hawakuihitaji, ikapangishwa, ikawa na shule, ikawa makazi ya watu wa kipato cha chini. Mwaka 1887 chuo cha wachoraji, Royal Cambrian Academy of Art, kikaingia kama mpangaji, kikakaa zaidi ya karne moja. Dola iliichukua chini ya uangalizi wake mwaka 1993, ukarabati ukagharimu zaidi ya pauni milioni 3, na 1997 ikafunguliwa kwa watu.

Mimi nilivutiwa na wachoraji. Mjomba alivutiwa na wapangaji. "Mtu akilala ndani ya nyumba," akasema, "usiku ataisikia inapovuja." Anaona wapangaji hawapewi haki yao katika historia za majumba, na nadhani yuko sahihi: katika maelezo ya Plas Mawr, miaka yao imepitishwa kwa sentensi moja au mbili, na hata mimi hapo juu nimefanya hivyo hivyo, kwa sababu majina yao sinayo.

Kabla ya kuondoka alikwenda kuangalia ukuta wa nje kwa nyuma, kuona wametumia nini. Chokaa, si saruji. Alifurahi kama aliyepokea barua kutoka nyumbani. Kila mahali penye mawe ya kale hadithi ni moja: karne iliyopita watu walipata saruji, wakaona ni ngumu na ya haraka, wakaifunika kila nyufa. Saruji haipumui. Unyevu unaoingia ukutani unakosa njia ya kutoka, unatafuta upande wa ndani, boriti zinaoza na jiwe linamomonyoka nyuma ya lipu ambayo kwa nje inaonekana nzima. Chokaa inanyonya na kuachia. Mjomba ametumia nusu ya maisha yake kubandua saruji za watu Unguja na kurudisha chokaa, na mara nyingi mwenye nyumba humwona anamrudisha nyuma.

Jumatano: Madaraja, kisha Old Colwyn

Chini ya ngome madaraja yamepangana: la mhandisi Thomas Telford la 1826, la barabara la 1958, na la treni la mhandisi Robert Stephenson. Mawili ya zamani yote ni gredi ya kwanza.

La Telford ni daraja la kuning'inia, limeshikwa na minyororo ya chuma, na minara yake imejengwa kama vijinara vya ngome ili isigombane na jirani. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko, mahali penye mkondo mkali. Lilipofunguliwa la 1958, halmashauri ya wakati huo ilitaka la zamani livunjwe, maana kazi yake imekwisha. Wananchi wakapiga kelele, wakachanga, na National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi urithi, wakalichukua katika miaka ya 1960. Leo ni la waenda kwa miguu, na kibanda cha mtoza ushuru kiko ng'ambo kama alivyokiacha. Hapa swali la Mjomba lilipata jibu lake la wazi kuliko pote: walioshika ni watu wa kawaida waliokasirika kwa wakati.

La Stephenson ndilo lile bomba la chuma tulilopita Jumatatu. Ni mirija miwili ya pembe nne, kila njia ya reli na mrija wake, iliyotengenezwa kwa bamba za chuma cha kufua zilizopigwa ribiti. Mirija iliundwa ufukoni, ikaelea juu ya mashua hadi mahali pake maji yalipojaa, kisha ikainuliwa kwa jeki za maji. Wa kwanza ulianza kutumika 1848. Kwa Stephenson hili lilikuwa jaribio kabla ya daraja kubwa zaidi la aina hiyo, Britannia, juu ya mlango wa bahari wa Menai. Lile liliungua 1970. Hili dogo bado linabeba treni kila siku, ingawa mwaka 1899 liliongezewa nguzo.

Mchana tuliacha orodha ya gredi, tukaenda makaburi ya Old Colwyn. Nilikuwa nimesoma habari zake siku nyingi na sikuweza kuwa kaunti hii nisifike.

Mwaka 1885 William Hughes, mmisionari Mwelisi aliyekuwa Kongo, alirudi nyumbani akiwa mgonjwa, amefuatana na wavulana wawili, Kinkasa na Nkanza. Akafungua Colwyn Bay taasisi ya kuwasomesha vijana wa Kiafrika, iliyojulikana kwa watu kama Congo House. Mlezi wake mmoja alikuwa Leopold II wa Ubelgiji, mfalme yule yule ambaye Kongo iliteketea mikononi mwake. Vijana walijifunza dini pamoja na ufundi: useremala, ushonaji, uchapaji, uhunzi, wakiwekwa chini ya mafundi wa mjini. Taasisi ilifungwa 1912. Kinkasa alifariki 1888, Nkanza 1892, wote wakiwa bado vijana, nao wamezikwa hapo pamoja na wenzao wengine waliokuja baadaye.

Mjomba alisoma majina kwa sauti, polepole. Akauliza kama Kinkasa alikuwa amefikia kujifunza ufundi. Sikuweza kumjibu. Tulikaa pale mpaka baridi ikatushinda, na njiani kwenye basi hatukuzungumza habari za majumba.

Alhamisi: Llanrwst na Gwydir

Reli ya bonde la Conwy inafuata mto hadi ndani ya milima. Mafuriko ya Machi 2019 yaliing'oa vibaya, na dhoruba Ciara ya Februari 2020 ikairudia. Ukiangalia dirishani unaelewa: mto na reli vinagombania ardhi moja.

Llanrwst, kanisa la Mtakatifu Grwst lipo ukingoni mwa mto. Ndani, kwenye kikanisa cha ukoo wa Wynn kilichojengwa miaka ya 1630, tulilikuta jeneza la Llywelyn. Ni sanduku zito la jiwe, limechongwa pembeni, halina kifuniko wala mwili. Lilitoka Conwy kwenda Maenan na watawa, na abasia ilipovunjwa na Henry VIII likaletwa hapa. Mtu aliyeitawala nusu ya Welisi ameachiwa jiwe tupu pembeni mwa kanisa, na aliyewashinda wajukuu zake ana ngome ya minara minane. Majengo yote mawili yako gredi ya kwanza. Nililiona hilo ni la haki kwa kiasi fulani: sheria haikuuliza nani alishinda.

Daraja la mji, Pont Fawr, ni la 1636: matao matatu ya mawe, mgongo umeinuka sana, gari moja tu kwa zamu. Kwa mapokeo mchoro unahusishwa na Inigo Jones, msanifu majengo mashuhuri wa Uingereza. Ng'ambo kuna nyumba ndogo ya karne ya 15, sasa ni mkahawa, imefunikwa na mtambaa ambao Oktoba unageuka mwekundu wote. Kila mtu anaipiga picha. Sisi tulikunywa chai tukaendelea.

Gwydir Castle si ngome bali jumba la ukoo wa Wynn, alikotoka yule Robert wa Plas Mawr. Lilianza kujengwa karibu 1500, na ndani yake kuna mawe yaliyochukuliwa Maenan baada ya abasia kuvunjwa. Mwaka 1921 mali ya jumba iliuzwa mnadani, na tajiri wa magazeti wa Marekani, William Randolph Hearst, akanunua mbao za kuta za chumba cha chakula: mwaloni uliochongwa katika miaka ya 1640, pamoja na ukanda wa ngozi iliyotiwa dhahabu. Mbao zikapakiwa makasha zikavuka bahari. Mwaka uliofuata moto ukaunguza sehemu ya jumba.

Mwaka 1994 mume na mke walilinunua likiwa gofu karibu, wakahamia ndani, wakaanza kulitengeneza kwa mikono yao. Wakazitafuta zile mbao, wakazikuta kwenye ghala la makumbusho ya Metropolitan, New York, bado zimo kwenye makasha. Zikarudi 1996, na 1998 chumba kikafunguliwa upya. Tulisimama ndani yake. Mwaloni umekuwa mweusi unaong'aa, na pale mlango ulipo, viungo vinakutana sawasawa na ukuta uliovingoja miaka 75. Tausi walikuwa wanalia bustanini. Mto bado ni adui wa hapa. 2020 maji yaliingia bustanini, na wenyewe wanajua yatarudi.

Kwa Mjomba hili ndilo lililomgusa. Aliwaza Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, sehemu yake iliyoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili wakafa. "Pale kulikuwa na wakubwa wengi wa kuamua," akasema. "Hapa kuna watu wawili na ngazi."

Nilimbishia. Si kila jumba litapata wenye mapenzi kama hao, na nchi haiwezi kupanga urithi wake kwa kutegemea bahati ya ndoa. Akanikubalia nusu.

Juu kidogo, msituni, kuna kikanisa cha Gwydir Uchaf cha 1673. Nje ni kama ghala la mawe. Ndani dari yote ya mbao imechorwa: Uumbaji, Utatu Mtakatifu, Siku ya Hukumu, malaika wenye uso wa mviringo na baragumu. Mchoraji hakuwa bingwa, vidole vingine ni vinene mno. Lakini alijaza kila ubao, hakuacha nafasi ya hofu.

Ijumaa: Llanrhychwyn

Kutoka Trefriw ni kupanda tu, msitu halafu malisho ya kondoo, njia imejaa matope. Mjomba alisali adhuhuri chini ya ukuta wa mawe, amefupisha kama msafiri, kondoo wakimtazama.

Kanisa la Mtakatifu Rhychwyn ni dogo, limezungukwa na miti mizee, nalo ni miongoni mwa makanisa ya kale zaidi Welisi. Wenyeji huliita la Llywelyn. Inasemekana alikuwa akisali hapa na mkewe Siwan, binti wa mfalme John wa Uingereza, mpaka Siwan akachoka na mlima, naye akamjengea kanisa jingine Trefriw chini. Ndani kuna boriti nene zilizochongwa kwa shoka, birika la ubatizo la mraba, na vioo vya rangi vya karne ya 15. Hakuna mhudumu, hakuna tiketi. Sakafu ilikuwa imefagiwa siku hiyo hiyo, na kuna mtu aliyeweka maua mabichi.

Jumamosi: Betws-y-Coed na Dolwyddelan

Betws-y-Coed imejaa wapanda milima na maduka ya majaketi, hatukukaa. Tulishuka kuangalia Waterloo Bridge, daraja la Telford la chuma cha kusubu. Kwenye upinde wake yamesubiwa maneno yanayosema limejengwa mwaka ule ule wa vita vya Waterloo, yaani 1815, na pembeni kuna maua ya waridi, mbaruti, klova na liki, alama za nchi nne. Maandishi hayo si bango lililobandikwa. Ni sehemu ya chuma chenyewe, ukitaka kuyatoa uliangushe daraja. Malori ya barabara ya A5 bado yanapita juu yake, ingawa limeimarishwa kwa zege.

Mwisho ilikuwa Dolwyddelan, mnara wa mraba peke yake juu ya kilima, mwendo mfupi kutoka kituoni. Huu haukujengwa na Edward. Ni wa Llywelyn mwenyewe, wa mwanzo wa karne ya 13, kulinda njia ya bonde na malisho ya ng'ombe, na Januari 1283 uliangukia mikononi mwa Waingereza. Kufikia karne ya 19 ulikuwa gofu. Kati ya 1848 na 1850 bwana aliyemiliki ardhi akauinua tena, akauwekea paa na ukingo wa mapigano juu. Ukipanda unaona wazi mahali mawe ya zamani yanapoishia na ya zama za Malkia Victoria yanapoanza.

Hapo tuligombana kidogo. Mimi naona ukarabati ule ulizidi: ukingo wa juu ni ndoto ya mtu wa 1848 kuhusu ngome, na mtoto anayekuja kwa shule ataondoka akiamini Llywelyn aliuona. Mjomba anasema mnara wenye paa la uongo ni bora kuliko rundo la ukweli, kwa sababu paa limeziweka kavu zile kuta za chini ambazo kweli ni za Llywelyn. Tulishuka kilima tukiendelea kubishana, tukapanda treni tukiendelea, na mpaka Llandudno Junction hakuna aliyekuwa amesalimu amri.

Amenipa kazi, naye ameshanikumbusha mara mbili. Niulizie ni wapi hapa wanafundisha vijana kazi ya chokaa, na kama wanapokea mwanafunzi kutoka Unguja kwa miezi michache. Anamfikiria kijana mmoja wa Malindi, mwenye mkono mwepesi, anayelipwa kidogo kuliko wapiga saruji. Na niulize, kwa niaba yake, zile nywele zinakatwa urefu gani.